Uvimbe wa ovari umebadilika sura: je, unageuka saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29. Nilishikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, nikapimwa utrasaundi, wakaona uvimbe wa sentimita 5 kwenye ovari, ndani una nyuzinyuzi. Wiki tatu baadaye nimepima kwingine: sasa ni sentimita 4.2, ila wameandika kuna "kitu kigumu" ukutani mwake. Unageuka saratani?

JIBU: Marahaba. Ulivyoeleza, mpangilio huo unafanana sana na uvimbe uliovujia damu ndani yake, kisha damu ile ikaanza kuyeyuka. Mara nyingi hutokea baada ya yai kupevuka na kutoka: kifuko kilichobaki hujaa damu badala ya kusinyaa.

Maji kwenye skrini ni meusi. Damu mbichi hung'aa kidogo. Ikikaa siku kadhaa huacha nyuzi nyembamba zilizosukana kama utando wa buibui. Ndizo walizoziona mara ya kwanza. Kisha bonge hujikusanya pembeni na maji yake hujitenga, kama maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Bonge hilo likigandamana na ukuta, mpimaji huliona kama kitu kigumu. Neno hilo hutisha bure wakati mwingine, maana kwenye picha linasema tu kwamba hapo si maji.

Kinachotenganisha bonge na nyama ni mtiririko wa damu. Uliza kama walitumia dopla, yaani utrasaundi inayoonyesha damu inavyopita. Bonge halina mishipa, kingo zake huwa zimebonyea ndani, na likisukumwa kidogo hutikisika. Nyama iliyoota ukutani ikionyesha damu inapita, hiyo ni habari nyingine, na daktari wa wanawake akuone mapema.

Vipimo navyo visikuchanganye. Kutoka 5 hadi 4.2 kunaonekana kidogo, lakini kama uvimbe ni wa duara, ujazo umepungua kwa takriban asilimia 40.

Usipime tena wiki ijayo. Rudia kati ya wiki ya 6 na ya 12 tangu picha ya kwanza, siku chache baada ya hedhi kuisha. Ukipima katikati ya mzunguko, kifuko cha yai jipya, ambacho hufika sentimita 2 kwa kawaida, kinaweza kuhesabiwa kuwa uvimbe. Beba picha za zamani, si ripoti peke yake. Mara nyingi uvimbe wa aina hii huwa umeisha kufikia hapo. Ukiukuta uko vilevile, umejaa ukungu mzito wa rangi moja, tutafikiria endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake. Ukiwa na mafuta na nywele, ni demoidi, ambayo hukua taratibu mno na haiondoki yenyewe.

Vidonge vya uzazi wa mpango "vya kuyeyusha uvimbe" haviharakishi chochote, utafiti umeshaonyesha.

Ila maumivu makali ya ghafla yenye kutapika, au kizunguzungu cha kuzimia, usisubiri tarehe. Ovari inaweza kuwa imejisokota au uvimbe umepasuka na kuvujia tumboni. Nenda hospitali usiku huohuo.