Taa ya CC ikiwaka na volti zikishuka kwenye pawasaplai

Pawasaplai yako haijaharibika. Kushuka, tuseme kutoka volti 12 hadi 7, huku CC (mkondo thabiti) ikiwaka maana yake saketi yako inadai mkondo mkubwa kuliko kikomo ulichoweka, hivyo mashine inashikilia ampea na kuachia volti zishuke. Mzigo ukiwa ndani ya kikomo, taa inayowaka ni ya CV (volti thabiti).

Kupanga kikomo kwenye pawasaplai za nobu: ondoa mzigo, rudisha nobu ya mkondo karibu na sifuri, weka volti 2 au 3, kisha unganisha + na − kwa waya mnene. CC itawaka. Pandisha mkondo taratibu mpaka kioo kisome unachotaka, tuseme 0.50 A. Toa waya, weka volti 12, ndipo uunge saketi. Zenye kitufe cha OUTPUT (cha kuwasha na kuzima umeme unaotoka) nyingi zinakuruhusu kuandika kikomo kabla ya kuwasha, kuunganisha + na − kwa waya (shoti) hakuhitajiki.

Ila kikomo hakizuii msukumo wa kwanza. Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) iliyo kwenye upande wa kutolea umeme imeshajaa chaji, na humwaga kabla mashine haijawahi kubana, ndiyo maana LED huweza kuungua hata ukiweka 20 mA. Kama ina OUTPUT, unga kwanza, washa OUTPUT baadaye.

Na tafadhali, terminali ya kijani ni ya ardhi, siyo hasi! Ukiunga mzigo kati ya + na hiyo bila kipande cha kuiunganisha na −, kwa kawaida hupati mkondo wowote.