Gonga mwamba kabla hujakodi kijiko

Meno mawili ya kijiko, ile mashine ya kuchimbua, yalivunjika mbele ya macho yangu, kwenye shimo la mawe ya chokaa nje kidogo ya mji wa Tanga, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepima ugumu kwa kugonga kwa nyundo sehemu tatu tu, zote juu, kwenye ngozi iliyooza kwa jua na mvua. Jiwe lilimeguka upesi, nikamwambia mwenye shimo hatutahitaji baruti. Mita moja chini tukakuta mwamba mwingine kabisa.

Chokaa ina tabia hiyo. Maji yaliyotoboa mapango ya Amboni hula mwamba wa aina hiyo popote yanapopenya: hapa jiwe linalia kama kengele, hatua tano mbele ni mfuko wa udongo. Kwa hiyo, ndugu yangu, bandua ngozi kwanza, fika kwenye jiwe bichi, kisha gonga sehemu nyingi na uandike kila moja.

Wengi hukwaruza kwa kisu wakidhani wamepima. Madini ya chokaa ni 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kwa kukwaruzana, kisu ni kama 5.5, basi kitakwaruza daima, hata mwamba uwe wa kuvunja mashine. Kikiteleza bila kuacha alama, hapo shituka: huenda kuna kwatzi, madini magumu sana, na kwatzi ni 7. Itakumalizia biti za drili.

Nyundo ya jiolojia ndiyo inayosema kweli. Kipande kikipasuka kwa pigo moja zito, nguvu yake ya kustahimili kubanwa ni kama megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 25 hadi 50. Kikidai zaidi ya pigo moja, 50 hadi 100. Ukipiga mpaka mkono unachoka, umevuka 100. Mwenye nyundo ya Schmidt, ile ya springi inayopima jinsi inavyodunda kwenye jiwe, apige mara 20 kwenye uso laini usio na ufa, achukue wastani. Andika pia kama jiwe limelowa, maana jiwe lenye maji hupungua nguvu, na vipimo vya masika vitakudanganya kiangazi.

Halafu nyufa. Hizi nilizipuuza miaka mingi, na zinanisikitisha kuliko yale meno. Mwamba mgumu wenye nyufa kila sentimita 20 huweza kung'olewa na kijiko bila mlipuko; mwamba laini kiasi usio na ufa hukataa. Pima nafasi zake kwa futikamba, chora kwenye daftari, na daftari hilo mpe mlipuaji mwenye leseni kabla hajatoboa tundu la kwanza.