Oili ya Nyuma Imekuwa Kama Tui

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nimeachiwa na ami yangu trekta, Massey Ferguson 135, nalimia mpunga bonde la Makombeni. Plau inapanda kwa kushtukashtuka, na pampu inalia. Nimechomoa stiki ya oili ya nyuma nimekuta nyeupe kama tui. Niongeze mpya juu yake? Tena, oili ya injini nimebadilisha juzi na leo ishakuwa nyeusi. Nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usiongeze hata kikombe. Huo weupe ni maji yaliyokwisha kupigwa pamoja na oili, na ukiongeza mpya unaiharibu nayo.

Trekta hiyo ilianza kuundwa 1964, na waliounda waliamua oili moja ya nyuma ifanye kazi tatu: gia, difu (meno ya ekseli ya nyuma yanayozungusha magurudumu) na haidroliki, yaani nguvu ya oili inayoinua plau. Kwa hiyo plau inaposhtuka, jua na meno ya gia yanaoga maji yaleyale, na beringi zinaanza kutu kimyakimya. Plau ndiyo iliyokupa taarifa. Mshukuru Mungu imekwambia mapema.

Liache trekta usiku mzima bila kuliwasha. Asubuhi weka beseni, ulegeze boliti ya chini taratibu, nusu mzunguko tu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yaliyojitenga yatatoka mwanzo. Yakimalizika fungua kabisa. Boliti za kumwagia ziko zaidi ya moja, chini ya giaboksi na chini ya difu. Ukifungua moja tu, nyingine inabaki na uchafu wake. Kisha fungua kifuniko cha ubavuni usafishe chujio la pampu. Nimeshakuta chujio limezibwa na utelezi kama ukoga, na mwenyewe ameshanunua pampu nyingine ya bei kubwa bila ya sababu.

Jaza oili ya bei nafuu, fanya kazi nyepesi siku moja, imwage ingali ya moto. Ndipo utie ile nzuri ya matrekta, inayofaa gia na haidroliki pamoja. Inaingia zaidi ya lita 30, lakini fuata alama ya stiki, usifuate dumu. Najua kumwaga mara mbili ni gharama. Nimeona wanaomwaga mara moja wakarudi kwangu kabla mpunga haujachanua. Na ile oili nzito ya difu za malori, yenye dawa kali, usiitie humo. Madini ya shaba yaliyomo ndani hayaipendi.

Sasa maji yameingilia wapi? Hapa ndipo pa kutumia macho. Kwanza tazama mpira ulio chini ya mkono wa gia. Ukipasuka, mvua ya masika inateremka na mkono mpaka ndani, khasa kama trekta linalala chini ya mwembe. Badilisha mpira, na usiku funika kwa nailoni. Pili, ukitoka bondeni usimimine ndoo juu ya gia kwa kuosha. Tatu, ekseli iliyopata moto ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya bonde, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochakaa, ule mpira unaozuia oili isivuje.

Kuhusu injini, tulia, muuzaji hana kosa hapo. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu, kwa sababu inabeba masizi; hiyo ndiyo kazi yake. Oili ya uzito wa 15W-40 inatosha kwa joto letu, kama lita 7, na filta ubadilishe pamoja nayo. Ingekuwa nyeupe kama ya nyuma, ningekwambia zima hapohapo, pengine gasketi ya hedi, inayotenga maji na oili ndani ya injini, imekwenda. Rejeta nayo itie maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti, dawa ya rejeta. Maji ya kisima yana chokaa, na chokaa huganda ndani.

Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Usiimwage bondeni wala karibu na kisima. Watu wanakunywa hapo.

Baada ya wiki moja, chomoa stiki asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa nyeupe tena na mpira wa gia ni mzima, chunguza sili za ekseli, halafu niandikie ni gurudumu lipi lenye unyevu kwa ndani.