Glenoidi ndogo: bamba la bega la kinyume likae wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko masomoni, upasuaji wa mifupa. Tuna mama wa miaka 71, mdogo wa umbo, kano za bega zilikatika siku nyingi na mkono haupandi. Tumepanga kumwekea bega bandia la kinyume, yaani tufe upande wa bega na kikombe upande wa mkono. Glenoidi yake, yaani uso wa mfupa wa bega unaopokea mkono, ina upana wa milimita 23 tu, na bamba dogo tulilo nalo la kushikilia tufe ni la 25. Tuliweke katikati?

Jibu: Marahaba. Hapana, lishusheni. Ukingo wa chini wa bamba ulingane na ukingo wa chini wa glenoidi. Pimeni kuanzia hapo. Glenoidi ni nyembamba juu na pana chini, kwa hiyo mkishuka mnapata mfupa mwingi zaidi wa kuegemea. Tena, tufe la 36 juu ya bamba la 25 huzidi kwa milimita 5.5 kila upande. Ziada hiyo ikiwa chini, mgonjwa akishusha mkono kikombe hakikwangui shingo ya skapula (mfupa bapa wa bega). Bamba la 29 lingewaachia 3.5 tu. Kwa mama huyu bamba dogo ndilo hasa linalomfaa.

Bamba kuzidi milimita moja mbele na nyuma hakunitishi, mradi nguzo yake ya kati, ile inayozama ndani, izungukwe na mfupa pande zote. Lakini hiyo 23 ipimeni upya kwenye picha za CT zilizopangwa kufuata bapa la skapula, maana picha za kawaida huikata skapula mshazari na kupotosha vipimo. Vinundu vya mfupa vya pembeni msivihesabu. Pimeni na kina pia, kwani nguzo ndefu hutoboa ukuta.

Uso wa glenoidi usageni kidogo sana, tabaka gumu la mfupa libaki. Bamba lisitazame juu hata kidogo.

Skrubu ya juu ielekee shina la korakoidi (kijino cha mfupa mbele ya skapula), ya chini ifuate ukingo mnene wa pembeni wa skapula. Ya nyuma, tafadhali, iwe fupi: neva ya suprasikapula inapita jirani.

Na msishawishike kuweka tufe la 42 kwa kuogopa bega kuteguka. Tangu Paul Grammont alipouanzisha muundo huu Ufaransa mwaka 1985, nguvu yake ni deltoidi, msuli unaofunika bega, iliyovutwa. Ila ikivutwa kupita kiasi neva za mkono huumia, na akromioni (ncha ya skapula juu ya bega) yenye mfupa dhaifu inaweza kuvunjika miezi kadhaa baadaye. Anzeni na 36 na kikombe chembamba kabisa. Bega likitulia katika majaribio, msiongeze kitu.