Kuishi kwa msimu, huku na nyumbani: jibu kwa mwenzetu anayekaribia kustaafu

Swali lilikuwa hili: mtu amevuka miaka sitini, watoto na wajukuu wako ughaibuni, mzazi na ndugu wako nyumbani, anastaafu mwakani na angependa kugawa mwaka kati ya pande hizi mbili. Je, inawezekana, aende msimu gani, na auze kwanza nyumba ya huku? Waliotangulia wamejibu zaidi habari za tiketi. Tiketi ndiyo sehemu rahisi, hata mjukuu atakutafutia. Mimi ni mama mtu mzima, naishi hivi tangu niache kazi. Mama yangu yuko hai, anakaa na kaka yangu na wifi yangu. Nitarefusha pale panapohitaji, kwingine nitapita mbio.

Kabla ya yote, usiende sikukuu. Najua ndivyo tulivyozoea miaka yote ya kazi, kwa sababu likizo ilitoka wakati huo na watoto walikuwa wamefunga shule. Sasa hubanwi tena. Wakati wa sikukuu kila mtu yupo, na kwa sababu hiyohiyo humpati mtu. Nyumba imejaa, wenyeji hawakai chini, watoto wanalala sebuleni, na mzee wenu ameketi katikati ya kelele anatabasamu huku nusu ya maneno hayasikii. Unaondoka na picha nyingi kwenye simu na bado hujui anameza dawa gani asubuhi. Mama yangu si mtu wa kusimulia mbele ya watu. Husimulia tukiwa wawili, kabla jua halijawa kali, mikono ikiwa na kazi. Mambo ya ujana wake na baba yangu nimeyasikia katika miezi ambayo hakukuwa na tukio lolote, shule zimefunguliwa na watu wako kazini. Tena nauli ya miezi hiyo huwa nafuu, na viti vya pembeni ya njia hupatikana.

Wengi wetu huchagua msimu kwa kukimbia baridi. Hiyo ni sababu halali. Kwa umri wetu barafu ya barabarani si mchezo. Nyonga ikivunjika, hata usimulie vipi, mambo hayarudi yalivyokuwa. Lakini mimi nimefika mahali ambapo msimu wangu hauchaguliwi na hali ya hewa, wala na mimi mwenyewe. Huchaguliwa na wifi yangu.

Nieleze. Tunaotoka ughaibuni tuna shida moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi jembe lenyewe hatupewi. Tunaachwa tumekaa kwenye kochi, tunaulizwa kama tumekula, tunaongezewa mto. Wiki ya kwanza ni tamu. Wiki ya pili wenyeji wamechoka kukukirimu na wewe umechoka kukirimiwa, ila hakuna wa kusema. Wengi huondoka hapo, wakidhani wamewaona ndugu zao. Ukivumilia hadi wiki ya tatu au ya nne ndipo watu wanaanza kugombana mbele yako, mpwa wako anarudi nyumbani amenuna na hajilazimishi kukuchekea, kaka anakaa kimya jioni bila kuona haya. Hapo ndipo umefika. Kwa hiyo kama huwezi kukaa mwezi na ushee, sema wazi kwamba unakwenda kusalimia, si kuishi.

Njia ya mkato ya kupewa jembe ni kuliomba mapema. Ndugu wanaomtunza mzee hawana likizo. Watu wa mbali tunatuma fedha na kupiga simu, tukikata simu tunaendelea na yetu. Wao usiku wanaamka kumpeleka msalani, asubuhi wanahesabu vidonge, na hawawezi kwenda hata kumtembelea binti yao aliyejifungua bila kutafuta mtu wa kukaa na mama. Siku hizi, kabla sijagusa kalenda yangu, nampigia wifi namuuliza: mwaka huu mnataka kupumzika lini? Anataja miezi, mimi napanga safari kuizunguka hiyo. Wiki mbili za mwanzo tuko wote, nafundishwa kazi. Kisha wao wanasafiri, nabaki na mama. Wakirudi tunakaa tena pamoja kabla sijaondoka. Tangu tuanze utaratibu huo, sijasikia tena ile sauti ya ukarimu wa kujilazimisha pale ninapotangaza kwamba nakuja.

Na katika zile wiki mbili za mwanzo nina sharti: sibadilishi kitu. Utafika, utamwona mzazi amekonda kuliko ulivyomwacha, na moyo utakwenda mbio. Wao wanaomwona kila siku hawaoni, kama vile mtu asivyoona nywele zake zikirefuka. Ulimi utataka kusema mbona hivi, daktari gani huyu, kitanda hiki nani alikiweka hapa. Uzuie. Chukua daftari, andika majina ya dawa na vipimo vyake, uliza nani anamwona kliniki na mara ngapi, omba uongozane naye miadi ijayo. Mara nyingi utakuta jambo lina sababu. Kile kitanda kiko vile kwa kuwa usiku mama huinukia upande wa ukuta. Ukishajua sababu, basi lete pendekezo, tena kwa kaka kwanza, faraghani, si mezani mbele ya watoto wake.

Fedha nazo zina adabu yake. Ukiwa wa kuja na kuondoka, kila shida ya ukoo husubiri kuja kwako. Mimi nina fungu la mama, ambalo halina mjadala, na fungu dogo la mengineyo ambalo likiisha limeisha mpaka msimu mwingine. Sitoi ahadi nikiwa nimesimama mlangoni. Jibu langu kwa wote ni moja: nitazungumza na kaka. Ninazungumza naye kweli, maana yeye ndiye anayejua nani ana shida na nani ana hadithi. Na zawadi, punguzeni. Masanduku mawili ya nguo yanakufanya uonekane mfadhili kabla hujasalimia.

Sasa karatasi, nipite upesi, lakini hapa usilete mzaha. Kibali cha kuishi kwa kudumu si uraia, na nchi nyingi zinahesabu muda uliokuwa nje. Marekani, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi, akikaa nje mwaka 1 au zaidi bila kibali maalumu cha kurejea, kadi hiyo haimtoshi tena kuingilia. Kibali hicho huombwa ukiwa bado ndani ya nchi, na kwa kawaida hakizidi miaka 2. Hata safari ya zaidi ya miezi 6 inaweza kukuvurugia hesabu ya kuomba uraia. Uingereza, ruhusa ya kuishi bila kikomo hupotea ukikaa nje mfululizo zaidi ya miaka 2. Aliyechukua uraia wa ugenini, na nchi yake ya kuzaliwa hairuhusu uraia pacha, ajue anaingia kwao kama mgeni, kwa viza na siku za kuhesabu. Nimeona mtu mzima akihojiwa dirishani siku ngapi atakaa katika mji alikozaliwa. Inauma, lakini afisa yule hakutunga sheria.

Mafao pia. Pensheni uliyoichangia kazini kwa kawaida inakufuata, lakini ile misaada ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo ni habari nyingine. Marekani, msaada wa SSI hukatika ukiwa nje siku 30 mfululizo, na haurudi mpaka ukae tena ndani siku 30. Uingereza, nyongeza ya Pension Credit kwa safari ya kawaida huvumilia wiki 4 tu. Medicare ya Marekani, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa jumla hailipii matibabu nje ya nchi. Na kodi: nchi nyingi hutumia siku 183 kuamua wewe ni mkaazi wa wapi, ingawa si kipimo pekee. Kwa hiyo ile ndoto ya kugawa mwaka nusu kwa nusu ndiyo yenye matatizo kuliko zote, kwa sababu inakuweka juu ya mstari kabisa. Mimi nakaa nyumbani chini ya nusu, na tarehe za kutoka na kuingia naziandika nyuma ya shajara.

Mwili. Ndani ya ndege hewa ni kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo mwenye moyo au mapafu dhaifu amwone daktari kabla ya kukata tiketi, sio baada. Kuhusu damu kuganda miguuni, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, iwe ndege, basi au treni. Ndiyo maana nasisitiza kiti cha pembeni ya njia: unainuka bila kumwamsha mtu. Soksi za kubana zinasaidia, ila uliza daktari, kwa sababu mwenye mishipa mibovu ya miguu zinaweza kumdhuru. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake, na barua yenye majina ya dawa zenyewe na siyo ya kampuni tu. Insulini isishuke chini na mizigo, inaweza kuganda ikaharibika.

Kama kwenu kuna malaria, usijidanganye kwamba wewe ni mwenyeji. Kinga ile ya utotoni hupungua ukiishi mbali, na wanaougua vibaya wakitoka safarini ni watu kama sisi, tunaolala nyumbani kwetu bila dawa ya kinga kwa kuwa tunaona aibu kujifanya watalii. Meza dawa. Chanjo ya homa ya manjano: tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, usirudie kwa kuambiwa kimepitwa na miaka 10. Lakini kama hujawahi kuchanjwa na umefikisha miaka 60, hiyo chanjo ya mara ya kwanza ina hatari zaidi kwa umri wetu, kwa hiyo daktari apime, na akiona haikufai akupe barua ya kueleza hivyo. Tena, kwa wanaovuka ikweta: homa ya mafua ina msimu wake kila upande, unaweza kuikimbia huku ukaikuta inaanza kule.

Omba kiti cha magurudumu uwanjani hata kama unatembea. Nilisikia mtu hapa akisema ni aibu. Aibu iko wapi? Viwanja vya siku hizi vina mwendo mrefu kuliko matembezi yako ya wiki nzima, na foleni za uhamiaji hazina viti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya msaada huo ni haki, hulipii, ila toa taarifa saa 48 kabla. Bima ya safari isome sehemu mbili: magonjwa uliyonayo tayari, na kikomo cha siku kwa kila safari. Bima nyingi za mwaka mzima zinaruhusu safari nyingi lakini fupi. Sisi tunakwenda safari moja, ndefu.

Watoto wako wa huku nao waambie mapema. Binti yangu alikuwa amenihesabu kama mlezi wa wanawe, na haki alikuwa nayo, kwa sababu nilikuwepo siku zote. Tulikubaliana miezi yangu ya kuondoka isiguswe na miezi yangu ya kuwepo nisitafutiwe visingizio. Wajukuu wanazoea haraka kuliko mama yao.

Kuhusu nyumba: usiuze sasa. Kaa misimu miwili kwanza, mmoja ukiwa na mzee, mwingine ikiwezekana wakati ndugu zako wako na shughuli zao na hakuna anayekuhitaji, uone kama bado unapapenda. Wakati huo mpe jirani au mwanao ufunguo, apite kila wiki, kwa sababu bima nyingi za nyumba hupunguza ulinzi nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja au miwili, na mabomba ya maji hupasuka kwa baridi. Ukiona kuna haja ya kupangisha, pangisha chumba kimoja, si nyumba yote, ili ukirudi uwe na pa kulala. Na huyo ndugu anayekaa na mzee wako, mpigie wiki hii kabla hujaandika barua ya kustaafu. Muulize anataka kupumzika mwezi gani.