Mtoto mwenye miguu kifundo: msisubiri mnada wa korosho

SWALI: Mwanangu ana wiki 3, nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Mama mkwe anasema nilikanyaga kitu nikiwa mjamzito, kwa hiyo tumkande kwa mafuta. Mume wangu anataka tusubiri mnada wa korosho ndipo twende hospitali. Nifanyeje? – Mama wa Newala

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama. Hukukanyaga kitu wala hujarogwa. Hiyo ni miguu kifundo. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000, na nyayo hupinda tangu tumboni. Kano ya kisigino ni fupi na imekaza, kukanda hakuirefushi. Lakini sasa viungo vyake bado ni laini, ndiyo maana hatutaki msubiri msimu.

Nenda zahanati uombe rufaa, kisha Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, uulizie siku ya kliniki ya mifupa. Mtaalamu hunyoosha mguu taratibu kwa mikono, halafu hufunga hogo (plasta ngumu) kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Likiishia chini ya goti huteleza. Hubadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 hivi. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino kwa ganzi, tundu dogo tu, na hogo la mwisho hukaa wiki 3 kano ikiunga. Nauli ya kila wiki ndiyo mzigo. Kama mna ndugu Mtwara mjini, kaeni kwake.

Hogo lisilowe. Bonyeza vidole: vikigeuka vyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 3. Vikivimba, vikiwa vya baridi au vikizama ndani ya hogo, rudi siku hiyohiyo.

Dhana inayoharibu watoto wengi kuliko ya uchawi ni hii: “Miguu imenyooka, amepona.” Bado. Atavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha kila anapolala mpaka afikishe miaka 4 au 5. Vikivuliwa kwa huruma, miguu hupinda tena.

Siku za mwanzo atalia kwa kuwa hawezi kurusha mguu mmoja peke yake. Hapo mwombe mama mkwe asaidie: ashike chuma, akisukume na kukivuta taratibu ili magoti yote mawili yakunjike na kunyooka pamoja, kama mchezo. Mvalishe soksi za pamba. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, kaza kwanza mkanda wa katikati.