Barua kwa mwanangu anayetaka kuanza kudizaini

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata Alhamisi, nikausoma mara mbili, nikaona mambo haya hayajibiki kwa kidole kimoja kwenye simu. Nimekaa mezani na kalamu. Dada yako atapiga picha kurasa akutumie. Hapa hatujambo. Goti la baba yako ni lile lile.

Umeniuliza: "Mama, mimi hata kuku siwezi kumchora. Nikitaka kuanza mambo ya grafiki, nianze na programu gani, na laptopu ya shilingi ngapi?" Kuku achana naye. Miaka yote niliyokaa kiwandani kupiga chapa sikumchora kuku hata mmoja. Vilivyopita mikononi mwangu ni kadi za harusi, stakabadhi, ratiba za mazishi na matangazo ya minada. Hiyo ndiyo kazi unayoitaka wewe, ila sisi hatukuiita grafiki. Tuliiita kupanga.

Na kupanga kunaanzia kwenye nafasi. Najua umeshanisikia hadi umechoka, tangu daftari zako za darasa la pili ulipokuwa unaandika mpaka ukingoni kama mtu anayeogopa karatasi itaibiwa: nafasi nayo ni kitu. Kwenu ninyi nafasi ni pale ambapo hamjaweka kitu. Kwetu ilikuwa risasi, ile metali iliyotengenezewa herufi zetu. Kati ya neno na neno unatia kipande kifupi cha risasi kisicho na herufi. Kati ya mstari na mstari unalaza ukanda wa risasi. Pembeni kote unajaza vipande vya mbao, halafu unakaza fremu. Ukisahau kimoja, siku unayoinua fremu herufi zote zinamwagika miguuni pako. Kwa hiyo sehemu nyeupe ya tangazo niliipanga kwa mkono, kipande kwa kipande, kama nilivyopanga maneno yenyewe. Wewe programu inakupa nafasi bure, ndiyo maana huioni.

Na bado vitu vyetu vimo humo. Umbali wa mstari na mstari, Waingereza kwenye programu zao wanauita hadi leo kwa jina la ile risasi. Unakumbuka siku uliponionyesha Word kwa mara ya kwanza, nikaanza kucheka ukadhani nakucheka wewe? Nilikuwa naangalia ile orodha ya ukubwa wa herufi: 8, 10, 12, 14, 18, 24, 36. Zilikuwa namba za trei zetu za herufi! Niliona kama nimekutana na majirani wa zamani wamevaa suti.

Nikishataja trei, najua unangoja kisa cha wanauchi.

Baba yako anaisimulia vibaya kila sikukuu, na nimekaa kimya muda mrefu mno. Anasema matangazo yale yalibandikwa mji mzima, hadi stesheni. Si kweli. Ilikuwa 1984, wakati karatasi ilikuwa ya kutafuta kama sukari. Ofisi moja iliagiza matangazo 200 ya mkutano wa hadhara; wameleta Ijumaa alasiri, wanayataka Jumamosi asubuhi. Herufi zetu zilitoka Uingereza, na trei zilipangwa kwa ajili ya Kiingereza: chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e. Sasa andika Kiswahili uone. "Wananchi wote mnatangaziwa." Hesabu: a sita, e moja. Kwenye ile saizi ya 36 a zilituishia kabla hata hatujafika kwenye tarehe. Zilizobaki zilikuwa zimefungwa ndani ya tangazo la mnada la wiki iliyopita ambalo hakuna aliyelivunja. Ikabidi livunjwe haraka haraka, kila herufi irudi chumbani kwake, taa yenyewe inapepesa.

Huko kurudisha ndiko kunakoua. Herufi ya risasi imechongwa kinyume, na tulizipanga kichwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiziangalia hivyo, n inaonekana u, na u inaonekana n. Kila herufi ina mkato mdogo ubavuni, unaupapasa kwa kidole gumba ujue haijageuka. Nilipapasa. Mikato yote ilikuwa upande mmoja. Herufi haikugeuka, ilikuwa u halali kabisa, imelala kwenye chumba cha n.

Prufu, ile karatasi ya kwanza ya kukagulia makosa, ikatolewa. Nikaisoma mimi. Akaisoma kijana wa mashine. Akaisoma msimamizi, akatia sahihi. Watu watatu, na sote tulisoma "wananchi", kwa sababu neno unalolijua hulisomi, unalisalimia tu na kupita.

Yalibandikwa kumi na moja. Mwambie baba yako: kumi na moja. Nilizunguka na ndoo ya maji na kisu nikabandua kumi. La mwisho lilikuwa sokoni, na watu wamelizunguka, na mzee mmoja mwenye kanzu anawauliza wenzake kwa upole kabisa, "Sasa sisi tuliovaa tusije?"

Nacheka hata sasa ninapoandika. Lakini siku ile sikucheka. Nilikatwa nusu ya mshahara, mimi peke yangu, na msimamizi akakaa kimya huku sahihi yake iko pale chini ya prufu. Ninayo hadi leo, kwenye lile sanduku la bati. Miaka yote nimewaambia kwamba ni kijana wa mashine aliyeitupa ile u kwenye chumba kisicho chake. Huenda ni yeye. Alikuwa mzembe. Lakini jioni ile alikuwa anaosha rola, na aliyevunja lile tangazo la mnada... Basi, ni mimi. Nimeandika, hakuna haja ya dada yako kuuliza. Ila sahihi ni sahihi.

Unasema: Mama, nimekuuliza programu. Sawa. Kabla ya programu, chukua ganda la kiberiti. Chukua penseli na rula, ulichore kwa ukubwa wake uleule, ila usichore picha wala usiandike maneno. Chora visanduku tu: jina limekaa wapi, alama imekaa wapi, wametoka ukingoni milimita ngapi. Fanya hivyo na pakiti ya majani ya chai, na tiketi ya basi, na kanga. Kanga hasa, maana umelala ndani yake kabla hujajua kusema: pindo lizunguke, mji ukae katikati, jina likae chini pake pembeni mwa vurugu, lisomeke hata mwenye kanga akiwa anatembea. Aliyeipanga alijua jicho litaanza wapi na litamalizia wapi. Fanya vitu ishirini hivyo. Utachoka, ndiyo. Mkono utachoka na jicho litaamka.

Sasa lile tangazo la pilau la shangazi yako ulilonitumia. Nitasema kweli kwa kuwa umeomba. Una aina tano za herufi kwenye karatasi moja. Mbili zinatosha, na hata moja inatosha ukiikuza hapa na kuipunguza pale. Maneno yamefika ukingoni kabisa. Mkata karatasi akikosea kidogo tu, "pilau" itakuwa "ilau". Rangi ya nyuma ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maneno yarudishe ndani. Ile kijani inayong'aa kama taa usiizoee. Simu inatoa mwanga, karatasi haitoi. Mashine ina wino wa aina nne, samawati, waridi, manjano na nyeusi, na kijani ile haimo kwenye mchanganyiko wake. Itatoka imepooza na shangazi atakulaumu wewe. Na kazi ya kuchapwa usiitume kama picha ya WhatsApp, inabanwa na kupoteza ukali. Itume kama faili la PDF. Hili nimejifunza kwa dada yako, baada ya kadi za kipaimara ambazo hatuzitaji.

Ila umeacha nafasi nzuri juu ya sufuria. Sijui kama ulikusudia au ni bahati, lakini pale mvuke unapumua. Niliiangalia sana ile sehemu.

Programu, basi. Inkscape na GIMP ni za bure. Canva inafunguka hata kwenye simu uliyonayo. Photoshop unalipia kila mwezi, na kwa tangazo la pilau haina haja. Kwa nembo na mabango anza na Inkscape, kwa sababu inachora kwa mistari, na mistari unaivuta kutoka kadi hadi bango la ukutani bila kuharibika; picha ya vitone ukiivuta hivyo inakuwa matofali. Laptopu usinunue sasa. Azima ya mjomba wako kwanza. Au nunua, sijui. Mtu asiye na chombo chake hujifunza kwa kuibia ibia. Lakini mimi nilinunua cherehani kabla sijajua kushona, na lile shati la Pasaka ulilivaa wewe mwenyewe, kwa hiyo usinifanye nitoe ushauri.

Hukuniuliza kama uache kazi ya uhasibu. Nimeona kwamba hukuuliza. Baba yako amenikataza nisigusie, na sitagusia. Nasema tu kwamba matangazo yanapangika jioni, baada ya saa za kazi, na mwenye nyumba wako hapokei nembo. Lakini pia mimi kama ningengoja jioni ya mtu fulani... hapana. Nimenyamaza.

Shangazi asipeleke tangazo Kariakoo bado. Umesema mmelisoma wewe, yeye na mumewe, na liko safi. Mimi nimelisoma kutoka nyuma kuja mbele, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa baada ya yale mambo. Maneno hayana kosa. Namba yake ya simu nimeihesabu mara tatu kwa ncha ya kalamu, na ina tarakimu tisa.

Mama yako